Claude Bernard, mtoto wa mkulima aliyetafuta sumu ya mishale inaua namna gani

Mwezi wa pili mwaka wa 1878, jijini Paris, Serikali ya Ufaransa iligharamia mazishi ya mtu ambaye hakuwa jenerali, hakuwa mfalme, wala hakuwahi kuongoza wizara. Alikuwa profesa aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya chumba chenye giza na unyevu, akipasua vyura, sungura na mbwa. Jina lake Claude Bernard. Hakuna mwanasayansi Mfaransa aliyekuwa amepewa heshima ya namna hiyo mbele yake.

Wengi wanamkumbuka kwa sababu ya ini na sukari ya damu. Wanafunzi wa udaktari wanakutana na jina lake mapema masomoni, hasa katika nchi zinazosoma kwa Kifaransa kama Kongo. Lakini kuna kazi yake nyingine ambayo inatumika kila siku katika vyumba vya upasuaji, toka Kinshasa mpaka Bukavu, bila jina lake kutajwa. Alitaka kujua sumu ya mishale ya Wahindi wa Amerika ya Kusini inaua namna gani. Jibu alilopata lilielekeza kwenye pahali padogo kabisa mwilini, pale neva inapokutana na msuli. Jibu hilo lilikuwa na upande wa kutisha, na yeye mwenyewe aliufahamu vizuri.

Bernard alizaliwa tarehe 12 mwezi wa saba 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, eneo la Beaujolais, karibu na mji wa Villefranche-sur-Saône. Baba yake alilima mizabibu, na biashara ya divai haikumwendea vizuri. Mtoto alifundishwa kwanza na padri wa parokia, kisha akaingia shule ya Wajezuiti ya Villefranche. Hakuwa mwanafunzi wa kung'aa. Alitoka shuleni bila diploma, na mwaka wa 1832 akawekwa kufanya kazi katika duka la dawa la Bwana Millet, huko Vaise, pembeni ya jiji la Lyon.

Pale dukani aliosha chupa, akafagia, akapeleka dawa kwenye shule ya madaktari wa mifugo iliyokuwa karibu. Kulikuwa na dawa moja ambayo wateja waliipenda kuliko zote, teriaki, iliyosemekana kuponya karibu kila ugonjwa. Kijana akagundua siri yake: kila kilichoharibika au kilichobaki chini ya chupa, bosi aliagiza kiwekwe kando kwa ajili ya teriaki. Wateja wakanywa, na wengine wakarudi kushukuru. Si vigumu kuona ni wapi Bernard alianza kutoamini dawa kwa sababu tu watu wanaisifu.

Usiku aliandika michezo ya kuigiza. Mmoja mfupi wa kuchekesha, uitwao La Rose du Rhône, ulichezwa Lyon na kupokewa vizuri. Hapo akajiona mwandishi. Akatunga tamthilia ndefu juu ya Arthur wa Bretagne, na mwaka wa 1834 akapanda kwenda Paris na karatasi zake mkononi. Saint-Marc Girardin, profesa wa Sorbonne na mhakiki aliyesikilizwa sana, aliisoma. Alimshauri atafute kwanza kazi ya kumlisha, na kwa kuwa alikwisha kuzoea dawa, asome udaktari. Ushauri huo ulimuumiza, lakini aliufuata.

Akafanya mtihani wa kumaliza sekondari, ule unaolingana na mtihani wa taifa wa Kongo, akaingia kitivo cha udaktari. Huko pia hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1839, katika mtihani wa kupata nafasi ndani ya hospitali za Paris, alikuwa wa 26 kati ya 29 waliopita. Walimu waliona kijana mkimya, mzito kidogo, asiyejua kuongea mbele za watu. Ni François Magendie peke yake aliyeona kitu kingine. Magendie alikuwa profesa wa Collège de France, mtu mkali wa maneno ambaye hakuamini nadharia yoyote mpaka aone kwa macho. Alimtazama Bernard akitumia kisu, akamchukua kuwa msaidizi wake mwaka wa 1841, na baada ya muda mfupi akakiri kwamba mkono wa kijana ulikuwa umepita mkono wake.

Kazi hiyo haikuwa na mshahara wa maana. Mwaka wa 1844 Bernard alishindwa mtihani wa kuwa mwalimu wa kitivo, akafikiria kurudi kijijini kutibu wakulima. Rafiki zake wakamtafutia njia nyingine, ndoa. Mwaka wa 1845 alimuoa Fanny Martin, binti wa daktari. Ufaransa ya wakati ule doti ilitoka kwa wazazi wa msichana, kinyume cha desturi ya Kongo, na doti ya Fanny ndiyo iliyomwezesha Bernard kubaki maabara. Ndoa iliyoanza kwa hesabu hiyo ilikuja kulipa deni lake baadaye.

Kurare aliipata mwaka uleule wa 1844 uliokuwa mbaya kwake. Mkemia Théophile-Jules Pelouze alimpa kidogo ya sumu hiyo, kitu cheusi kigumu kama lami iliyokauka. Ilitoka kwenye misitu ya mito Orinoco na Amazon, ambako wawindaji wanachemsha magome ya mimea ya kupanda, hasa ya jamii za Strychnos na Chondrodendron, mpaka maji yawe mazito. Wanapaka ncha za mishale. Nyani au ndege akichomwa, baada ya dakika chache anaachilia tawi na kuanguka bila kelele, na nyama yake inaliwa bila shida.

Wawindaji wa msitu wa Ituri nao wamejua sumu za mishale tangu zamani, lakini sumu nyingi za Afrika zina njia nyingine. Ile ya mmea wa Strophanthus, ambayo Mwingereza John Kirk aliikuta upande wa mto Zambezi wakati wa safari ya Livingstone, inashika moyo wenyewe. Kurare haigusi moyo. Hilo lilikuwa limekwisha kuonekana London mwaka wa 1814, wakati Charles Waterton na wenzake walipomchoma punda jike kwa kurare. Punda alianguka kama mfu. Wakamtoboa koo, wakampulizia hewa kwa mivukuto saa kadhaa, akaamka. Aliishi miaka mingine 25. Kwa hiyo ilijulikana kwamba kurare inaua kwa kuzima pumzi. Kwa nini pumzi inazimika, hakuna aliyejua.

Bernard alichukua chura, akapasua ngozi ya mgongo kidogo na kuingiza kipande kidogo cha sumu. Baada ya dakika chache chura alilegea wote, hasogei hata akichomwa. Bernard akamfungua. Moyo ulikuwa unapiga kama kawaida. Akagusa neva ya mguu kwa umeme: hakuna kitu. Kwa chura wa kawaida, aliyekufa kwa njia nyingine, umeme kwenye neva ungeutikisa mguu kwa nguvu. Kisha akagusa msuli wenyewe, bila kupitia neva, na msuli ukajikunja mara moja.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lilikata mzozo wa karibu miaka mia. Tangu wakati wa Mswisi Albrecht von Haller, wataalamu walibishana kama msuli una nguvu yake wenyewe ya kujikunja au unaikopa kwa neva. Hakuna aliyeweza kutenganisha viwili hivyo kwa kisu, sababu nyuzi za neva zinaingia ndani ya nyama mpaka jicho haliwezi kuzifuata. Sumu iliingia pale kisu kisipofika. Neva ikawa kama imekatwa, msuli ukabaki mzima. Bernard alielewa upesi kwamba alikuwa amepata chombo cha kazi: sumu inayochagua pahali pamoja tu na kuacha pengine pote salama inaweza kumfundisha mtafiti kila pahali pana kazi gani.

Mwaka wa 1850 yeye na Pelouze walipeleka matokeo yao mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris. Walieleza pia kwa nini mwindaji halewi sumu anapokula nyama. Walichanganya kurare na maji ya tumboni, wakaona haiharibiki, maana ukiichukua baadaye na kuichoma mwilini bado inaua. Kumbe inashindwa tu kupita ukuta wa tumbo kuingia kwenye damu kwa wingi wa kutosha.

Jaribio lake zuri kuliko yote lilikuja baadaye, katika miaka ya 1850. Linastahili kuelezwa polepole. Bernard alipitisha uzi chini ya neva zinazoshuka kwenye miguu ya nyuma ya chura, akafunga kila kitu kingine kiunoni. Damu haikuweza kushuka tena, lakini neva zilibaki huru. Kisha akaweka kurare upande wa mbele. Kichwa, kifua na mikono vikalegea. Miguu ya nyuma, ambayo damu yenye sumu haikuifikia, ilibaki na nguvu. Halafu akaubana mkono uliolegea. Mkono haukusogea hata kidogo, lakini miguu ya nyuma iliruka.

Maana yake ni nini? Chura alisikia maumivu katika mkono ambao hauwezi kusogea. Habari ya maumivu ilipanda mpaka uti wa mgongo, uti ukatoa amri, na amri ikateremka kwenye miguu iliyokuwa salama. Kwa hiyo neva za kuhisi zilikuwa nzima, uti wa mgongo ulikuwa mzima, ingawa vyote vilikuwa vinaoga katika damu yenye sumu. Hata mwanzo wa neva za miguu ulikuwa ndani ya damu hiyo na bado ulipeleka amri. Kilichokuwa kimekufa ni mwisho tu wa neva ya kusogeza, pale inapogusa msuli. Bernard akahakikisha kwa njia ya pili: akachovya neva peke yake ndani ya maji ya kurare, nayo ikaendelea kufanya kazi. Akachovya msuli na mwisho wa neva yake, na amri ikakatika.

Hapo ndipo upande wa kutisha ulipojitokeza. Waliosafiri Amerika ya Kusini waliandika kwamba kifo cha kurare ni cha upole, kama usingizi, sababu mnyama halii wala harushi miguu. Bernard alijua kwamba si kweli. Mwaka wa 1864, katika makala ndefu kwenye jarida la Revue des Deux Mondes, aliwaeleza wasomaji wa kawaida kwamba ndani ya mwili huo uliotulia akili ipo, hisia ipo, utashi upo. Vinavyokosekana ni vyombo vya kuitikia. Mtu aliyechomwa kurare anasikia watu wakisema juu yake, anataka kufumbua jicho, na jicho halifumbuki. Sauti inapotea, miguu na mikono inalegea, uso na kifua pia. Aliyeandika hayo alikuwa mtu wa meza ya kupasulia, lakini ukurasa ule una uchungu ambao labda hata tamthilia yake ya ujana haikuwa nao.

Na bado aliendelea kutumia kurare juu ya wanyama. Mnyama aliyelegezwa kwa kurare na kupulizwa hewa analala kimya mezani, kazi inaenda vizuri. Bernard hakuficha alichofanya. Aliandika kwamba mtafiti akishikwa na wazo lake hasikii kilio cha mnyama. Wengine walisikia.

Nyumbani kwake walisikia. Fanny na Bernard walizaa watoto wanne, na wavulana wawili walikufa wachanga. Wasichana wawili waliobaki walikua upande wa mama, na mama alichukia kazi ya mumewe. Bernard mwenyewe alisimulia kisa cha mbwa aliyemfanyia jaribio na kumwekea mrija wa fedha tumboni. Mbwa akatoroka na mrija wake, akarudi kwa bwana wake, ambaye alikuwa kamishna wa polisi wa mtaa. Kamishna alikubali maelezo na hata akawa mlinzi wa maabara. Mke hakuwa mwepesi kama kamishna. Karibu na mwaka wa 1870 waliachana rasmi, na Fanny na mabinti wakawa upande wa wale waliotetea wanyama. Mahari ya sayansi, iliyotoka kwa baba yake Fanny, ilikuwa imetumika kwa kitu ambacho Fanny hakuweza kukivumilia.

Lawama ilifika mbali zaidi. Mwezi wa pili 1875, daktari George Hoggan, aliyefanya kazi miezi minne katika maabara ya mwanafiziolojia mkubwa wa bara la Ulaya, aliandika barua katika gazeti moja la London kueleza mateso aliyoyaona. Hakumtaja bwana wa maabara, lakini ilieleweka kwamba ni Bernard. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya majaribio ya wanyama. Ndani yake kuna kifungu kimoja cha ajabu: sheria inasema wazi kwamba kurare isihesabiwe kuwa dawa ya kuondoa maumivu. Walioiandika walikuwa wamejua hilo kutokana na kazi ya mtu yuleyule waliyekuwa wakimlaumu.

Haki inadai kusema pia kwamba Bernard alifanyia utafiti dawa za usingizi zenyewe. Aliona kwamba mnyama aliyepewa kwanza morfini analala kwa klorofomu kidogo sana, na mpaka leo madaktari wanatanguliza dawa kabla ya usingizi kwa sababu za namna hiyo. Sumu nyingine nayo alifumbua siri yake: moshi wa makala. Alionyesha kwamba gesi ya monoksidi ya kaboni inachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu na kuing'ang'ania, ndiyo maana familia inayolala na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inaweza isiamke. Lakini habari hiyo ni ya damu, si ya msuli.

Heshima zilikuja pamoja na upweke. Mwaka wa 1854 aliingia Chuo cha Sayansi na kupewa kiti kipya Sorbonne. Magendie alipokufa mwaka wa 1855, alirithi nafasi yake Collège de France. Afya ilianza kuharibika, wengine walisema ni kwa sababu ya unyevu wa maabara. Alirudi mara nyingi Saint-Julien, akaangalia mizabibu, na ni katika mapumziko hayo alipofanya kazi ya kitabu chake juu ya udaktari wa majaribio, kilichotoka 1865. Kaisari Napoléon III alimpenda, akamsaidia kupata maabara bora, na mwaka wa 1869 akamfanya seneta. Akademia ya Kifaransa nayo ikamfungulia mlango. Mtunzi aliyekataliwa na Girardin akaketi kati ya waandishi wakubwa kwa ajili ya vitabu vya fiziolojia. Alikufa Paris tarehe 10 mwezi wa pili 1878, akazikwa kwenye makaburi ya Père-Lachaise. Tamthilia ya Arthur ilichapishwa baada ya kifo chake. Haikubadilisha mawazo ya mtu juu ya ushauri wa Girardin.

Swali la kurare alikuwa ameliacha nusu. Bernard alifikiri sumu inaua neva ya kusogeza yenyewe, ikianzia mwisho wake. Mfaransa mwenzake Alfred Vulpian alisema, Bernard angali hai, kwamba neva haina kosa: kinachokatika ni mawasiliano kati yake na msuli. Vulpian ndiye aliyekuwa na haki. Mwaka wa 1905, Cambridge, John Newport Langley alifanya kazi na misuli ya kuku. Aliona kwamba nikotini inaikunja misuli hata kama neva zake zimekwisha kuoza, na kurare inazuia nikotini isifanye hivyo. Basi lazima kuna kitu juu ya msuli wenyewe kinachopokea nikotini na kurare zote mbili. Ndivyo wazo la kipokezi lilivyopata mguu wa kusimamia. Katika miaka ya 1930 Henry Dale na wenzake, London, walionyesha ujumbe ambao kipokezi hicho kinaungoja: neva ikipata amri inamwaga asetilikolini, nayo inavuka nafasi ndogo sana na kukaa juu ya kipokezi. Kipokezi kinafunguka kama mlango, chembe za sodiamu zinaingia, msuli unajikunja.

Kurare inaingia kwenye kitasa hichohicho lakini haigeuki. Inakaa tu, na ufunguo wa kweli unakosa nafasi. Ndiyo maana msuli wa chura wa Bernard ulijibu umeme: mlango ulikuwa umezibwa, lakini nyumba haikuwa na shida. Na ndiyo maana dawa inayozuia asetilikolini isivunjwe haraka inaweza kuamsha misuli, kwa kuwa ujumbe ukizidi wingi unaisukuma sumu kando. Mwaka wa 1934, London, daktari Mary Walker alikuwa na mgonjwa wa miastenia, ugonjwa unaolegeza kope, shingo na mikono. Aliona kwamba mgonjwa anafanana na mtu aliyepewa kurare, akamchoma fisostigmini, dawa iliyojulikana kupinga kurare. Nguvu za mgonjwa zikarudi kwa muda. Leo inajulikana kwamba katika ugonjwa huo kinga ya mwili inashambulia vipokezi vyake wenyewe.

Tarehe 23 mwezi wa kwanza 1942, Montreal, madaktari Harold Griffith na Enid Johnson walimpa kurare kijana aliyekuwa anapasuliwa kidole tumbo, akiwa amekwisha kulazwa usingizi. Tumbo lililegea vizuri na mpasuaji akafanya kazi bila kulazimisha. Kuanzia hapo dawa za kulegeza misuli zikaingia katika hospitali za dunia nzima. Ajabu ni kwamba wengine walikuwa tayari kuamini kwamba kurare inalaza pia, miaka 78 baada ya makala ya Bernard. Mwaka wa 1947 daktari Scott Smith, huko Utah, alikubali kuchomwa dozi kubwa bila dawa ya usingizi, wenzake wakimpulizia hewa. Alilegea kabisa. Alipopata tena sauti, alisimulia kila kitu alichosikia na kila alichohisi. Ni kama alikuwa anasoma ukurasa wa 1864.

Kipokezi chenyewe kilishikwa mkononi mwaka wa 1970, Paris, na kundi la Jean-Pierre Changeux katika Taasisi ya Pasteur. Walikitoa kwenye samaki wa umeme wa Amerika ya Kusini, ambaye ana vipokezi hivyo kwa wingi, na walikitambua kwa sumu ya nyoka wa Asia inayokishika bila kuachilia. Kundi hilo lilitumia pia sumu ya kobra wa Afrika anayetema mate. Miaka mitano baadaye Changeux akawa profesa wa Collège de France, nyumba ya Magendie na Bernard.

Sumu ya nyoka ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu kobra wengi wana sumu zinazokaa pahali palepale kurare inapokaa. Kobra wa msituni, anayepatikana pia mashariki mwa Kongo, akimuuma mtu, dalili inaanzia mara nyingi kwenye kope: zinashuka, mgonjwa hawezi kuziinua. Halafu anaona vitu viwiliviwili, ulimi unakuwa mzito, anashindwa kumeza mate, na mwishoni kifua kinachoka. Anahitaji dawa ya kuzuia sumu, na kama kifua kimechoka anahitaji kupulizwa hewa, kwa mashine au kwa mkono, saa nyingi na pengine siku kadhaa, mpaka vipokezi viachiliwe. Punda wa Waterton alipona kwa njia hiyo. Katika muda wote huo mgonjwa, macho yamefungwa na mikono imelegea, anaweza kuwa anasikia kila neno linalosemwa pembeni ya kitanda chake, na muuguzi anayejua jambo hilo anamwambia kabla ya kumgusa.